Chandarua cha Baba Pacha

Mama Pacha alikuwa msusi. Aliwasuka watu barazani kwake, kwenye kigoda kifupi kando ya mlango. Wateja walimpenda kwa mambo mawili. Mikono yake haikuwaumiza, na mdomo wake haukuchoka. Lakini siku hizi mdomo huo ulikuwa na habari moja tu: mumewe.

"Sijui nimeolewa na mtu au na gogo," alisema, huku akigawa nywele kwa kitana. "Nikisema, hasikii. Nikinyamaza, anasema nimenuna. Sasa mimi nifanyeje?"

Wateja walicheka. Yeye hakucheka.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mlinzi wa msitu. Yeye na wenzake walizunguka kukagua mipaka na kuwafukuza wakata miti. Wakienda huko, walikaa siku nyingi. Ardhi ya msituni ilikuwa na unyevunyevu, na siafu wake hawakuwa na adabu. Kwa hiyo kila mlinzi alikuwa na bembea yake. Bembea hiyo ilikuwa kitanda cha kitambaa chepesi, kinachofungwa kwa kamba kwenye miti miwili. Mtu akilala humo, ananing'inia juu ya ardhi kama furushi.

Bembea ilimwokoa Baba Pacha na siafu. Haikumwokoa na mbu. Alikuwa akitoka msituni na homa, anapona, anarudi, anatoka tena na homa.

Safari ya mwisho ilikuwa mbaya kuliko zote. Alianza kutetemeka akiwa kambini. Badala ya kuwaambia wenzake, alinyamaza. Alimeza vidonge vilivyobaki vya homa ya zamani, akajifunika blanketi. Kesho yake alianguka njiani, akawa anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Wenzake walimbeba kwa zamu mpaka barabarani. Mama Pacha alimkuta zahanati, amelazwa, hamtambui hata mkewe.

Muuguzi alimwambia, "Mama, safari hii mmewahi. Safari nyingine huenda msiwahi."

"Mimi nilidhani ni mvua," Mama Pacha alisema. "Huwa wananyeshewa sana huko."

"Mvua haileti malaria. Malaria inaletwa na mbu. Huyu anahitaji kulala ndani ya chandarua, hata huko porini. Na akisikia homa, aje kupimwa siku hiyo hiyo. Asimeze mabaki. Dozi ni ya kumaliza, si ya kuweka akiba."

Baba Pacha alipona. Akarudi nyumbani, amekonda, suruali inamwanguka. Mama Pacha alimpikia uji, akamwosha, akamlea kama mtoto. Alipoanza kupata nguvu, ndipo mkewe akaanza kusema.

"Umesikia alichosema muuguzi?"

"Nimesikia."

"Amesemaje?"

"Amesema chandarua."

"Sasa?"

"Mke wangu, chandarua ni cha kitanda. Mimi kitanda changu ni kitambaa na kamba mbili. Nitakitundika wapi? Kwenye mawingu?"

"Tafuta njia!"

"Haya. Nitatafuta."

Na kweli alitafuta. Siku moja Mama Pacha alikwenda kumsuka bibi harusi nyumbani kwao. Aliporudi jioni, aliwakuta pacha wake wawili wameketi kitandani, wanajikuna miguu. Akainua macho. Chandarua cha watoto kilikuwa kimebaki nusu. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi, tena umekatwa kombo, kama umetafunwa na mbuzi.

"Nani amefanya hivi?"

Pacha wa kwanza akasema, "Baba."

Pacha wa pili akasema, "Alisema tusikwambie."

Mama Pacha alimkuta mumewe nyuma ya nyumba. Alikuwa ameifunga bembea kati ya nguzo mbili za kuanikia nguo. Juu yake alikuwa ametandaza kile kipande cha chandarua na kukishona pembeni kwa uzi wa gunia. Alikuwa anatabasamu.

"Njoo uone! Nimetafuta njia."

"Baba Pacha."

"Naam?"

"Umekata chandarua cha watoto."

"Nusu tu. Wale ni wadogo, wanaenea kwenye nusu."

Mama Pacha alishika kiuno. Alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza maneno yalimkataa. Yalipokuja, yalikuja yote kwa pamoja.

"Nusu! Mbu ataambiwa na nani kwamba upande huu ni wake na upande ule si wake? Wewe ni mtu mzima, na malaria ilikuangusha. Ikiwapata hawa wadogo itawafanyaje? Unataka kujikinga wewe, halafu niwapeleke wao zahanati?"

Tabasamu la Baba Pacha likaisha. Alitazama mkasi uliokuwa chini kana kwamba aliuona sasa hivi.

"Sikuwaza hivyo," alisema polepole.

"Huwazi! Hiyo ndiyo shida yako, huwazi! Usiku huu watoto watalala na sisi, ndani ya chandarua chetu. Wakikupiga mateke, vumilia. Na kesho asubuhi tunakwenda kwa dada yako."

"Kwa dada? Hapana, mke wangu. Kwa dada hapana."

Mama Pacha naye hakupenda kwenda. Wifi yake alikuwa fundi wa cherehani, tena fundi hasa. Alishona mapazia, mifuko ya magodoro na maturubai ya magari. Lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Hakuna aliyeingia kwake na kosa akatoka bila kusemwa. Tangu siku ya harusi, Mama Pacha alikuwa amejiapiza kutomwomba wifi huyo msaada. Sasa hakuwa na la kufanya. Maji yakishafika shingoni, mtu huita yeyote aliye ukingoni.

Wifi aliwapokea mlangoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni. Alikitazama kile kipande cha chandarua. Akautazama ule uzi wa gunia. Akamtazama mdogo wake.

"Hii ni nini? Wavu wa kuvulia samaki?"

"Ni chandarua cha bembea, dada."

"Umekitoa wapi kitambaa?"

Baba Pacha akatazama pembeni. Mama Pacha akamjibia, "Amekikata kitandani kwa watoto, wifi."

Wifi aliingia chumbani, akatoka na chandarua kipya, kimekunjwa ndani ya mfuko wake. Akamkabidhi Mama Pacha.

"Hiki nilipewa kliniki, cha mjukuu. Mjukuu amehamia kwa baba yake, na huko wanacho. Kina dawa. Kitundike kivulini kwanza, kipate hewa, halafu uwafungie watoto. Hakikisha kinafika chini ya godoro." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, ukikigusa hiki kwa mkasi, nitakukata vidole. Unacheka? Sitanii."

"Sicheki, dada."

"Watoto kwanza. Sasa tuje kwako. Funga hiyo bembea yako hapo, kwenye nguzo za baraza. Weka na hilo tambara lako juu. Panda."

Baba Pacha akapanda. Akajinyoosha, mikono kifuani. Wifi alichomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, akainama, akaingia chini ya bembea.

"Mama weee!" Baba Pacha aliruka nusu aanguke. "Dada, unanichoma!"

"Si mimi. Huyo ni mbu. Amepita wapi?"

"Amepita chini!"

"Chandarua chako kiko wapi?"

"Kiko juu."

"Enhe. Kitambaa cha bembea ni chepesi, na kimekubana mgongoni. Mbu haingii ndani. Anasimama nje, anapenyeza mdomo, anakunywa anachotaka. Lala tena."

"Sitaki."

"Lala!"

Akalala. Wifi akamchoma kidogo kwenye kiwiko, pale ambapo chandarua kilikuwa kimegusa ngozi.

"Na huyo je?"

"Huyo amepita kwenye chandarua," Baba Pacha alisema kwa sauti ya kukata tamaa. "Kwa sababu kimenigusa."

Mama Pacha alijaribu kujizuia asicheke. Hakuweza. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mumewe aanguke.

Wifi aliketi kwenye stuli, akaeleza. Chandarua cha bembea hakiwi kama pazia. Kinakuwa kama soksi. Kinaizunguka bembea yote, juu na chini. Huku na huku, kwenye ncha, kinabanwa kwa kamba mpaka kisiache tundu. Juu kinashikiliwa na kamba nyingine iliyovutwa kutoka mti hadi mti, ili kisimwangukie mtu usoni. Na kiwe kipana. Chini ya mgongo pabaki nafasi, hata mtu akilala katikati na bembea ikashuka kwa uzito wake.

"Kitambaa cha kawaida cha chandarua hakina dawa," alisema. "Kwa hiyo kinga yako ni ile nafasi. Mbu akitua nje, asikufikie. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Utanishonea lini, dada?"

"Mimi? Mimi sikushonei. Utashona mwenyewe."

"Mimi sijui cherehani!"

"Kikichanika huko porini, utaniita mimi? Kalete kitambaa. Kiwe na matundu madogo. Kitazame kwenye mwanga kabla hujakinunua."

Jumamosi wakarudi na kitambaa. Kilikuwa chepesi kama moshi, na kirefu kuliko bembea, maana ncha zake zingehitaji kukusanywa. Wifi alitandika mkeka, wakakikunja katikati kwa urefu. Kwenye mkunjo ndipo pangekuwa juu. Kule zilikokutana kingo mbili ndiko kungeshonwa, na katikati ya mshono huo wangeweka zipu ya kuingilia. Zipu walibandua kwenye mfuko wa godoro kuukuu.

Baba Pacha akaketi kwenye cherehani. Akakanyaga kwa nguvu, kama anapanda mlima kwa baiskeli. Cherehani ikanguruma, ikakivuta kitambaa, ikakimeza. Chini ya sindano kukabaki donge la uzi.

"Polepole!" Wifi alipiga kelele. "Unakimbizwa na nani?"

"Imejikanyaga yenyewe!"

"Cherehani haijikanyagi! Ondoa mguu. Ondoa!"

Wakafumua. Akarudia. Ikameza tena. Mama Pacha aliwatazama wote wawili, kaka na dada, wanavyogombana kwa sauti moja na sura moja. Kichwa kilianza kumgonga. Alikuwa na mteja mchana. Nyumbani kulikuwa na nguo za kufua.

"Wifi," alisema, "kwa nini inameza?"

"Kitambaa kina matundu. Vijino vya cherehani vinanasa kwenye matundu."

"Sasa huwezi kuvizuia?"

Wifi akachukua gazeti la zamani, akakata ukanda mwembamba, akauweka chini ya kitambaa.

"Shona hapo juu, pamoja na karatasi. Sindano ndogo, uzi usikazwe sana. Ukimaliza, karatasi unaichana, inatoka."

"Dada!" Baba Pacha alisema. "Ulikuwa unajua hivyo tangu mwanzo?"

"Nilitaka uone kwanza inavyomeza."

Mama Pacha alifumba macho, akahesabu kimoyomoyo ili asiseme neno baya.

Kwa karatasi, kazi ilikwenda. Mshono ulipinda hapa na pale, lakini ulishika. Wifi alimfundisha kukunja ukingo mara mbili kabla ya kushona, kwa sababu kitambaa cha matundu kikishonwa ukingoni tu huchanika kikivutwa. Kwenye ncha mbili walitengeneza upindo mpana, wakapitisha kamba. Juu, kwenye mkunjo, Mama Pacha mwenyewe alishona vitanzi vya utepe kwa mkono. Vidole vyake vilivyozoea nywele vilikwenda haraka, na mishono yake ilikuwa midogo kama punje za mtama. Wifi aliinama kuitazama. Aliipitishia kidole mara mbili.

"Mkono mzuri," alisema.

Mama Pacha alidhani amesikia vibaya. Hakuuliza, asije akaambiwa vingine.

Zipu alishona Baba Pacha. Alikataa kusaidiwa. Alipomaliza, wakakivisha chandarua kwenye bembea, wakafunga kamba, wakabana ncha. Kikasimama vizuri, kimejaa hewa. Baba Pacha akaingia, mkewe akamfungia zipu.

"Safi!" alisema kutoka ndani. "Hakinigusi popote. Dada, njoo na sindano yako sasa!"

Wifi akazunguka, juu na chini. Sindano haikumfikia.

"Haya, toka."

Chandarua kikatikisika. Mkono ukapapasa huku na huku.

"Mama Pacha," sauti ilisema. "Zipu haina mkono huku ndani."

Alikuwa ameishona nje ndani. Kishikio cha zipu kilikuwa nje peke yake. Mtu wa ndani hakuweza kuishika.

Mama Pacha alisogea. Aliweka kidole kwenye zipu. Kisha akakiondoa.

"Kaa humo kidogo," alisema. "Ninywe chai kwanza."

"Mke wangu!"

"Humo hakuna mbu. Na mimi huku nje nina utulivu. Sote tumefaidi."

Alikunywa chai yake yote. Wifi naye akajimiminia kikombe, akaketi karibu yake. Walikunywa bila kugombana, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Walipomtoa Baba Pacha, Wifi alimpa wembe afumue zipu, aigeuze, na kufunga utepe kwenye kishikio ili kiweze kushikwa huku na huku.

"Sasa sikiliza," alimwambia alipomaliza. "Jua likizama, vaa mikono mirefu. Usisubiri kulala ndipo ukumbuke mbu. Kabla ya kufunga zipu, kagua ndani, usijifungie na mbu wako. Tundu likitokea, lizibe siku hiyo hiyo, hata kwa kulifunga uzi. Na ukikifua, kifue kwenye beseni, si mtoni."

"Ndiyo, dada."

"Usiseme 'ndiyo, dada' kwa mdomo tu."

Wiki iliyofuata Baba Pacha alirudi msituni. Mama Pacha aliendelea kusuka. Watoto walilala ndani ya chandarua chao, kimechomekwa vizuri chini ya godoro. Hakuna aliyejikuna. Lakini kila mtu alipobisha hodi, moyo wa mama huyo ulidunda. Alikuwa anangoja habari mbaya, kama alivyozoea.

Habari ikaja. Alikuwa katikati ya kumsuka binti mmoja, upande mmoja tayari na mwingine bado umetimka, jirani muuza mkaa alipopita mbele ya baraza.

"Mama Pacha! Mumeo nimemwona zahanati. Amekaa kwenye benchi."

Mama Pacha hakuuliza zaidi. Aliondoka vile vile, kitana mkononi. Njia nzima alikuwa anasema peke yake. Amekivua chandarua. Najua amekivua. Amesema joto. Au amekitumia kufunikia viazi. Mtu gani huyu! Nimechoka. Safari hii simwoshi, simpikii uji. Lakini miguu yake ilikuwa inakimbia.

Baba Pacha alikuwa benchini kweli. Kando yake alikaa mlinzi mwenzake, yule wanayemwita Mrefu, amejikunyata ndani ya sweta mchana wa jua kali.

"Umekivua!" Mama Pacha alianza tangu mlangoni. "Tumeshinda tunagombana kwa ajili yako, dada yako kakuchoma sindano, halafu wewe..."

"Mama Pacha, si mimi."

"Si wewe nini?"

"Mgonjwa si mimi. Ni Mrefu."

Mama Pacha hakuamini. Alimwekea mumewe kiganja kwenye paji la uso. Akakigeuza, akamwekea mgongo wa mkono shingoni. Akamvuta shati, akamkagua mgongo mbele za watu. Ulikuwa safi. Kulikuwa na alama moja mbili kwenye kifundo cha mkono, basi.

"Shemeji," Mrefu alisema, meno yakigongana, "huyu mumeo ni mtesaji. Nimesikia baridi kidogo tu leo asubuhi, nikataka kumeza vidonge vyangu vya zamani nilale. Kaninyang'anya. Kanivuta njia yote mpaka hapa."

"Na amefanya vizuri," alisema muuguzi, akitokea na majibu. "Ni malaria, lakini imewahiwa. Utapewa dawa, utakunywa nyumbani. Umalize zote. Hakuna kulazwa."

Mrefu akashusha pumzi. "Na mimi nataka chandarua kama chake. Kambini wote wanakitaka. Usiku sisi tunajipiga makofi mpaka asubuhi, yeye anakoroma."

Mama Pacha alisimama katikati ya ukumbi. Alikuwa amekuja na maneno mengi, na sasa hayakuwa na mwenyewe. Akakaa benchini kando ya mumewe. Machozi yakamtoka, na hayo nayo yakamkasirisha.

"Unalia nini tena?" Baba Pacha alimuuliza kwa upole.

"Niache. Umeniogopesha."

"Lakini mimi ni mzima."

"Ndiyo hilo! Ungetuma mtu aseme wewe ni mzima!"

Baba Pacha alikubali kosa. Hakubishana. Alimsaidia Mrefu kupokea dawa, akamsikiliza muuguzi anavyoeleza namna ya kuzinywa, akamkabidhi kwa ndugu yake aliyekuja kumchukua. Kisha akainua begi lake, bembea na chandarua vikiwa vimekunjwa juu, akalitupia begani.

"Lete nikusaidie," Mama Pacha alisema.

"La, naliweza."

"Basi tembea haraka. Nimeacha kichwa cha mtu nusu."

Akatangulia. Mumewe akamfuata, na mara hii hakubebwa na mtu. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe, tena kwa hatua ndefu, mpaka Mama Pacha akalazimika kumwambia apunguze mwendo.